KUNGOJA SI KUTUPWA



Juma hili tumeweka mbele yetu barua ya kijana mmoja wa upande wa Zinga, si mbali na Mbegani. Jina lake twaliacha, kwa kuwa hakutuandikia ili atangazwe. Aliingia chuo mwaka 2013, akajifunza kazi ya ugavi na utunzaji wa maghala, kwa sababu mwaka ule pwani yetu yote, toka Bunju hata Bagamoyo mjini, ilikuwa ikinena habari moja tu, yaani bandari. Alipotoka chuoni mwaka 2016 habari ilikuwa imekwisha kugeuka. Tangu hapo amepeleka maombi ya kazi mahali pengi hata ameacha kuyahesabu. Amebeba zege, ameendesha pikipiki ya mtu mwingine, amevua. Umri wake umepita miaka 30, naye hajaoa, maana, asema, ataendaje kuposa na mikono mitupu? Mama yake siku hizi hamwulizi tena habari za mjini; humfunikia chakula, akaenda kulala. Kisha aandika maneno haya, ambayo ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu: "Baba Mhariri, zamani nilikuwa nikimwomba Mungu anipe kazi. Sasa nashindwa hata kuomba, kwa kuwa naona labda amekwisha kunipima akaniona sifai. Je, nikubali hivyo nitulie?"

Hatukumjibu upesi. Jibu la upesi lipo, nalo kila mtu wa pwani analijua: subira huvuta heri. Ni neno la kweli, wala hatutaki kulivunjia heshima. Lakini wazee wale wale waliotuachia neno hilo walituachia na la pili, kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Na mtu aliyengoja miaka mingi hivi amekwisha kujua ni lipi kati ya hayo mawili lililohamia nyumbani kwake. Kumpa mtu huyo methali peke yake ni kama kumsimulia mwenye kiu sifa za kisima.

Tuanze basi na bandari yenyewe, maana ndipo maumivu yalipoanzia. Mwezi Machi 2013 Serikali yetu na wenzetu wa China walitia sahihi mapatano ya kujenga bandari kubwa Mbegani. Gharama iliyotajwa ilikuwa dola za Marekani bilioni 10. Baadaye Oman nayo ikaingia katika mpango huo. Mwezi Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi. Mwaka uliofuata shughuli ikasimama, na mwaka 2019 Rais John Magufuli alieleza waziwazi ya kuwa masharti ya wawekezaji yalikuwa mabaya mno kwa nchi. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba mazungumzo yatafufuliwa. Sisi hatutaki kuamua hapa ni nani aliyekosea. Ukurasa huu si baraza la bandari. Twataka msomaji aone jambo moja tu. Katika shauri hilo waliingia wakuu wa nchi, makampuni, fedha zisizohesabika na masharti ya miaka mingi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekaa siku moja kumpima kijana wa Zinga. Hakuna aliyelijua jina lake. Hata hivyo yeye, alipouona mlango umefungwa, aliusoma kana kwamba ni barua ya Mungu iliyoandikwa kwa anwani yake.

Nasi hatumcheki, maana ndivyo tufanyavyo sote. Shaka juu ya nafsi haiji siku moja. Mwaka wa kwanza mtu husema, kazi hazipo. Mwaka wa pili husema, labda sikusoma vema. Wa tatu husema, labda nina kasoro ambayo wenzangu wanaiona nami siioni. Huko mwisho humpandisha Mwenyezi Mungu mwenyewe katika hukumu hiyo, akasema, Yeye naye ameiona. Tena shaka hii ni hatari kwa sababu huvaa kanzu ya unyenyekevu, na Mkristo mwema akajiona anafanya fadhila kumbe anaumia bure. Unyenyekevu wa kweli hukiri udogo wa mtu mbele ya Mungu aliye mkubwa, kisha huendelea na safari. Ule mwingine hukiri udogo huo huo, kisha huongeza kwamba Mungu amechoka na mdogo yule. Hilo la pili halikufundishwa na Mama Kanisa.

Kijana wetu pasipo shaka ameiona Misheni ya Bagamoyo tangu utoto wake: njia ya miembe, mnara wa kanisa la kale, makaburi ya wamisionari. Wageni huonyeshwa ule mnara kwa kuwa mwili wa David Livingstone, uliobebwa na Chuma na Susi na wenzao toka bara, ulilazwa pale mwezi Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Ni vema waonyeshwe. Lakini leo sisi twapenda kumtaja mtu mwingine, ambaye hakufika Bagamoyo kamwe. Ndiye baba wa Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofungua Misheni ile, naye maisha yake nusu yalikuwa ya kungoja.

François Libermann alizaliwa mwaka 1802 katika mji wa Saverne, nchi ya Alsace, mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani. Baba yake alikuwa mwalimu wa dini ya Kiyahudi, naye mtoto aliandaliwa kuirithi kazi hiyo. Katika ujana wake aliingia Kanisa Katoliki, akabatizwa mjini Paris mkesha wa Noeli mwaka 1826. Baba yake aliposikia alimlilia kama mtu aliyekufa. Kijana akaingia seminari, akawa mwanafunzi mpole na mwenye bidii, na mwaka 1829 akawa karibu kupewa daraja ya ushemasi mdogo. Hapo ndipo alipoangushwa na kifafa.

Sheria ya Kanisa ya siku zile haikuruhusu mwenye kifafa kupewa daraja takatifu. Basi mlango ukafungwa. Nyumbani kwa baba hakuna kurudi. Mbele hakuna njia. Umri ungali wa ujana. Wakubwa wa seminari, kwa huruma, hawakumfukuza. Walimwacha akae, akawa mtu wa kazi ndogo ndogo za nyumba, wa kutumwa mjini na kusaidia mtunza mali. Wenzake aliokaa nao darasani walipewa upadre mmoja mmoja, wakaenda zao kwenye parokia. Yeye akabaki akiwafungulia mlango wageni. Ni nani asiyejua hali hiyo? Ni hali ya yule anayevaa nguo ya harusi ya rafiki zake wote, wala siku yake haitajwi.

Wengi humfikiria mtu wa Mungu kuwa ni mtu asiyetikisika. Libermann alitikisika. Mwenyewe aliungama baadaye ya kuwa katika miaka ile hakupita juu ya daraja la Paris bila kujiwa na wazo la kujitupa mtoni. Jambo hili twalitaja kwa makusudi kabisa, kwa sababu tunajua wapo kati ya wasomaji wetu waliojiwa na wazo kama lile, ama darajani, ama chomboni usiku, nao wakaona aibu kumwambia mtu, wakidhani kwamba Mkristo hawezi kuwaza hivyo. Aweza. Na aliyefikia hapo asikae peke yake hata usiku mmoja: amwendee mtu wa nyumbani, amwendee padre, amwendee daktari pia, kwa maana ugonjwa wa moyo uliochoka ni ugonjwa kama homa, wala kuutibu si upungufu wa imani.

Alingoja miaka 12. Katika miaka hiyo hakupata kujiamini, kama watu wa siku hizi wanavyopenda kusema. Barua zake zimejaa maneno ya kujiona kuwa hafai. Alipata kitu kingine: alipata kumwamini Mungu zaidi ya alivyojishuku mwenyewe. Ndiyo maana aliweza kufanya kazi iliyokuwa mkononi. Waseminari walimjia na mashaka yao, naye, mtu wa kufagia, akawa mshauri wao. Mwaka 1837 aliitwa mji wa Rennes awe mlezi wa wanovisi wa shirika jingine, ingawa hakuwa padre. Hata huko alijiona kama mti mkavu. Kisha vijana wawili wa seminari, mmoja wao Frédéric Le Vavasseur, mzaliwa wa kisiwa cha Réunion katika bahari hii yetu ya Hindi, walimletea shauri la kuwatumikia watu weusi waliokuwa utumwani na waliotoka utumwani. Akaenda Roma na shauri hilo. Hakuwa na cheo wala fedha, na Roma hawakumjibu kwa haraka. Akapanga chumba cha darini, akangoja karibu mwaka mzima, na wakati akingoja akaandika kitabu cha maelezo ya Injili ya Mtakatifu Yohane. Kifafa kilikuwa kimemwacha. Mwezi Septemba 1841 akapewa upadre.

Tungependa kuandika hapa kwamba tangu siku hiyo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Mwaka 1843 alituma wana wake wa kwanza Afrika ya Magharibi, na baada ya muda mfupi sehemu kubwa yao walikuwa wamekufa kwa homa. Alibeba habari hiyo akaendelea. Alikufa tarehe 2 Februari 1852, umri miaka 49, na pwani yetu hakuiona hata kwenye picha. Mwaka 1910 Papa Pio wa Kumi alitangaza ya kuwa mtu huyu aliziishi fadhila za Kikristo kwa ushujaa.

Miaka 16 baada ya kufa kwake, yaani mwaka 1868, Padre Antoine Horner na wenzake walivuka toka Unguja wakapanda msalaba Bagamoyo. Wakawakusanya watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani, wakaanza kulima, kufundisha na kujenga. Kabla miaka miwili haijatimia ukaja ugonjwa wa kipindupindu uliofagia Unguja na mrima. Mwezi Aprili 1872 ikaja tufani, na majengo yaliyogharimu jasho la miaka minne yakalazwa chini kwa siku moja. Mwenye kupenda kusoma mlango uliofungwa kama hukumu ya Mungu angekuwa na haki ya kuusoma huo. Wale mapadre na mabruda hawakusoma hivyo. Walianza tena na matofali. Nenda ukasome tarehe za makaburi yao pale Misheni, msomaji, uone walivyokuwa vijana.

Tena kuna habari ya kahawa, ambayo twaipenda sana. Wamisionari walileta miche ya kahawa kutoka Réunion wakaipanda Bagamoyo. Pwani si nyumba ya kahawa ile: yataka ubaridi wa milima, nasi tunao mchanga na jua. Mtu aliyeitazama miche ile kando ya bahari angaliweza kusema kwa haki kabisa kwamba mmea huu haufai. Mwaka 1890 wamisionari walipanda hadi Kilimanjaro wakafungua Misheni ya Kilema, na kahawa ikapanda pamoja nao. Yaliyofuata huko Uchaggani, shule ngapi zilijengwa na watoto wangapi walisomeshwa kwa kahawa, yanajulikana na kila Mtanzania. Wala hatusemi kwamba kila mtu asiyefaulu Bagamoyo ahame. Mungu atuepushe, maana vijiji vyetu vimekwisha kupungukiwa na vijana. Twasema tu kwamba mche ule haukuwa na kasoro siku ulipokuwa umedumaa, na aliyeupanda hakuwa mjinga.

Na mji wenyewe je? Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara mingi ya bara. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao yao makuu Dar es Salaam, kwa sababu maji ya Bagamoyo ni mafupi na meli kubwa zililazimika kutia nanga mbali. Mwaka 1905 wakaanza kujenga reli ya kati, nayo ikaanzia Dar es Salaam. Hivyo kijana wa Zinga ajue kwamba hakuwa wa kwanza kuona bandari ikimpita. Babu wa babu yake aliona vivyo hivyo. Kwa upande wa Kanisa, mwaka 1906 Bagamoyo ilipewa heshima ya kuwa vikarieti, chini ya Askofu Franz Xaver Vogt, na miaka michache baadaye likajengwa lile kanisa kubwa la mawe. Lakini mwaka 1953, majimbo yalipopangwa, jimbo liliitwa Morogoro na makao yakawa huko. Misheni iliyokuwa mama wa Mhonda, wa Mandera, wa Kilema, ikabaki parokia miongoni mwa parokia, na wageni wakija na kamera zao kutazama mbuyu na makaburi.

Ikangoja miaka 72. Tarehe 7 Machi 2025 Baba Mtakatifu Fransisko, mwezi mmoja na nusu kabla ya kuaga dunia, aliunda Jimbo la Bagamoyo, akalikata kutoka Jimbo Kuu la Dar es Salaam na Jimbo la Morogoro, akamteua Mhashamu Stephano Lameck Musomba, wa Shirika la Mtakatifu Augustino, kuwa Askofu wake wa kwanza.

Hapa twaomba msomaji asituelewe vibaya, na kama hatatusikiliza penginepo, atusikilize hapa. Hatuleti habari ya jimbo ili tumwambie kijana wetu, ngoja nawe, siku yako itafika. Hatujui. Hakuna mtu wa haki awezaye kumwahidi hivyo. Fikirini wale waliozikwa katika miaka 72 hiyo: makatekista waliotembea kwa miguu toka kigango hata kigango, mama waliofagia kanisa kila Jumamosi, wazee waliosali rozari chini ya miembe. Siku ya jimbo hawakuiona. Je, Mungu aliwatupa? Walibatizwa, wakaoana, wakasamehewa dhambi, wakapokea Ekaristi Takatifu, wakazikwa kwa sala za Kanisa. Kitu ambacho jimbo limewekwa kwa ajili yake walikuwa nacho tayari, kila Jumapili, katika parokia iliyoonekana imesahauliwa.

Wenyeji hulieleza jina la Bagamoyo kwa namna mbili. Wengine husema ni bwaga moyo, neno la wapagazi waliotua mizigo baada ya safari ndefu, wakapumua. Wengine husema ni neno la watumwa walioacha mioyo yao ufukoni kabla ya kupakiwa majahazini. Wataalamu na wabishane. Sisi twaona kwamba neno moja limebeba pumziko na kukata tamaa kwa pamoja, na kwamba mtu angojaye hulala na hayo mawili chini ya shuka moja. Usiku huu amembwagia Mungu moyo wake akalala. Kesho usiku ameubwaga tu, bila kumpa mtu.

Katekisimu yatufundisha ya kuwa fadhila ya matumaini yaweza kuvunjwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukata tamaa. Ya pili ni kujitumainia mno, yaani kumdai Mungu kana kwamba ni mdeni wetu. Na kwa bahati mbaya siku hizi katika miji yetu, na katika njia ya Bagamoyo pia, wapo wanaouza dhambi ya pili kuwa ni dawa ya dhambi ya kwanza. Humwambia kijana asiye na kazi kwamba milango yake imefungwa kwa sababu imani yake ni haba, atoe sadaka kubwa zaidi, anunue mafuta haya na maji haya, na kabla mwezi haujafa atapata. Mwezi hufa. Naye hurudi nyumbani akiwa amepoteza nauli, na juu yake ameongezewa ushahidi wa uongo kwamba kosa ni lake. Twasema bila kuficha: huo ni unyang'anyi, na anayenyang'anywa ni maskini.

Turudi kwenye Maandiko. Yosefu, mwana wa Yakobo, alimtafsiria ndoto mnyweshaji wa Farao gerezani, akamsihi amkumbuke atakapotoka. Mnyweshaji akatoka, akasahau. Ikapita miaka miwili mizima. Yosefu hakuwa na kosa lo lote katika miaka hiyo miwili. Aliyesahau ni mnyweshaji. Je, Musa? Alichunga kondoo wa mkwewe miaka 40 huko Midiani, na Mungu alipomwita alijitetea mara nyingi ya kuwa yeye si kitu, tena ulimi wake ni mzito. Tazameni jinsi Mungu alivyomjibu. Hakumwambia, la, wewe ni hodari, jiamini. Hakubishana naye hata kidogo juu ya ulimi wake. Alimwambia kwamba Yeye atakuwa pamoja naye, kisha akampa Haruni awe msemaji. Na Nabii Eliya, alipolala chini ya mti jangwani akaomba afe, hakukemewa. Malaika alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akamlisha tena. Ndiyo maana twasema yule mama wa Zinga anayemfunikia mwanawe chakula bila kuuliza neno afanya kazi ya malaika, na pengine mwanawe hajaitambua.

Kwa wenye madaraka tuna neno moja tu, wala si refu. Mwaka ule ule wa 1891 Bagamoyo ilipopoteza makao makuu, Papa Leo wa Kumi na Tatu aliandika barua yake juu ya haki za wafanyakazi. Na mwaka 1981 Papa Yohane Paulo wa Pili akafundisha ya kuwa ukosefu wa kazi ni uovu. Uovu hauitwi mapenzi ya Mungu ili wakubwa wapate usingizi. Subira ya maskini si akiba ya kutumiwa na mtu mwingine. Watu wa Pande na Mlingotini ambao ardhi yao ilitakiwa kwa ajili ya bandari, nao wakasita kupanda minazi na kuezeka upya kwa sababu hawakujua watakaa au watahama, wanastahili kuambiwa neno la wazi, liwe ndiyo au liwe siyo. Na ofisi inayopokea maombi ya kazi 300 kwa nafasi mbili yaweza angalau kuwajibu waliokosa. Karatasi moja ya "tumekupokea, hatukukupata nafasi" huokoa mtu asidhani ameandikia kaburi.

Nasi katika jumuiya zetu tujitazame. Mara ngapi tumemkuta kijana kanisani tukamwuliza, "Bado tu hujapata?" Bado tu! Maneno mawili, na mtu anakwenda nayo nyumbani Jumapili nzima. Kuna wanaoacha kusali pamoja nasi kwa sababu ya swali hilo, si kwa sababu ya kupoteza imani. Tungemwuliza anafanya nini, tungesikia mengi.

Kwa maana ndugu yetu wa Zinga, ambaye anadhani hafai, aliandika mwishoni mwa barua yake mistari miwili ambayo yeye mwenyewe aliihesabu kuwa si kitu. Aliomba radhi kwa mwandiko mbaya, akisema anaandika jioni barazani, na watoto wa jirani wanamsumbua, kwani amezoea kuwafundisha hesabu wakitoka shule. Wapo 11 sasa, walianza watatu. Wazazi wao ni wavuvi, wakipata samaki humletea mama yake fungu. Tuliposoma mistari hiyo tulirudi juu tukaisoma barua yote upya.

Basi mwanetu, umetuuliza kama ukubali kwamba Mungu amekupima akakuona hufai. Usikubali, kwa sababu Mungu hakusema hivyo, na wewe huna ruhusa ya kumsemea. Endelea kupeleka maombi yako ya kazi. Na hilo la kuwa hujui tena kusali, mwambie Mungu hivyo hivyo kwa maneno hayo hayo, naye atalipokea kuwa sala. Kuhusu kuposa, twadhani ungemwuliza mwenyewe binti kabla ya kumwamulia. Nasi tunakuomba utuandikie tena kabla ya Noeli, utuambie wale watoto 11 wamefika wapi katika hesabu za kugawanya, na yule mdogo aliyekuvuta kalamu hata wino ukamwagika kwenye ukurasa wa pili, anaitwa nani.